Urembo au Matibabu? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Bima ya Afya kwa Wazee

Maswali haya huulizwa na wazee wenyewe na pia na watoto wanaowashughulikia. Mengi huanzia kwenye barua ya aina moja: ombi limekataliwa, huduma ni ya urembo. Kila mkataba una maneno yake, kwa hiyo hakuna jibu hapa linaloweza kuchukua nafasi ya mkataba ulio mkononi mwako. Hata hivyo, kampuni za bima hufikiri kwa namna inayofanana karibu kila mahali, na ukishaijua namna hiyo utajua la kupigania na la kuacha.

Bima inaposema huduma ni "ya urembo", inamaanisha nini hasa?

Inamaanisha kwamba, kwa jinsi wanavyoona wao, kiungo kinafanya kazi yake vizuri na wewe unataka kibadilike sura tu. Huduma ya lazima kiafya ni ile inayotibu ugonjwa au jeraha, inayoondoa maumivu, inayorudisha kazi ya kiungo, au inayozuia hali isizidi kuharibika. Mikataba mingi huongeza masharti mawili: huduma iwe inakubalika kitaalamu kwa ugonjwa huo, na pasiwe na njia ya gharama nafuu yenye matokeo yale yale.

Katikati ya urembo na huduma ya lazima kuna upasuaji wa kurekebisha, na hapo ndipo mabishano mengi huzaliwa. Upasuaji huu ulipiga hatua kubwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, daktari Harold Gillies alipokuwa akitengeneza upya nyuso za askari waliojeruhiwa. Hospitali yake ya Sidcup, Uingereza, ilifunguliwa 1917. Mbinu za aina hiyo za kuhamisha ngozi na kushona upya ndizo zilizokuja kutumiwa pia na watu wanaotaka kuonekana vijana. Ndiyo maana jina la upasuaji peke yake halitoshi. Kisu ni kile kile. Kinachoamua ni sababu ya kukishika, na sababu hiyo lazima iwe imeandikwa.

Mama ana miaka 74. Kope zake za juu zimelegea mpaka zinafunika macho, lakini bima inasema ni urembo. Je, ni sahihi?

Inawezekana hawajakosea kwa karatasi walizopewa, na inawezekana mama anastahili kabisa. Hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Kope zilizolegea huwa na sababu mbili kuu. Ya kwanza ni ngozi ya ziada inayoning'inia juu ya kope. Ya pili ni msuli unaoinua kope kulegea, hivyo ukingo wa kope wenyewe ukashuka. Mzee mmoja anaweza kuwa na zote mbili, na kila sababu ina upasuaji wake. Mwombe daktari aandike wazi ni ipi, kwa sababu ombi linalosema "kope zimelegea" bila kufafanua hukataliwa kirahisi.

Halafu kuna vipimo. Daktari wa macho hupima umbali kati ya ukingo wa kope ya juu na mng'ao wa taa unaoonekana katikati ya mboni. Kwa kawaida umbali huo ni milimita 4 hadi 5; kampuni nyingi huanza kukubali ukiwa milimita 2 au chini yake. Kipimo kingine ni cha upana wa kuona, na hufanywa mara mbili: kwanza kope zikiwa kama zilivyo, kisha zikiwa zimeinuliwa kwa utepe wa kunata. Tofauti kati ya matokeo hayo mawili ndiyo inayoonyesha kwamba kope ndizo zinazoziba, wala si glakoma au ugonjwa mwingine wa jicho. Kigezo kinachotumiwa sana ni kuona kuongezeke kwa nyuzi 12 au asilimia 30 kope zinapoinuliwa. Mwisho ni picha, za mbele na za pembeni, mgonjwa akiangalia mbele moja kwa moja bila kukunja paji la uso. Wazee wengi huinua nyusi bila kujijua ili waone, na picha ikapigwa hivyo tatizo halionekani.

Mama yangu mwenyewe alikuwa akisoma kwa kuinua kope ya kulia kwa kidole. Sisi watoto tulikuwa tumeshazoea kumwona hivyo. Daktari alipomuuliza kama macho yanamsumbua, alijibu, "Ni uzee tu, mwanangu." Maneno hayo yakaandikwa kwenye faili, na kampuni ya bima ikayanukuu ilipokataa. Ombi la pili, likiwa na vipimo na picha, lilikubaliwa. Macho yake hayakuwa yamebadilika katikati ya maombi hayo mawili.

Kwa kope za chini, vifuko chini ya macho huhesabiwa urembo karibu kila mahali. Lakini kope ya chini ikigeukia ndani na nywele zake kukwaruza jicho, au ikigeukia nje na jicho kubaki kavu au kutokwa machozi muda wote, hayo ni matibabu.

Jambo moja la haraka: kope ikishuka ghafla, hasa pamoja na kuona vitu viwiliviwili, kichwa kuuma sana au mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, achana na habari za bima. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa nini neno "uzee" kwenye faili lina madhara?

Kwa sababu uzee si ugonjwa, na bima hulipia magonjwa. Ombi linapofika kampuni, mtu wa kwanza kulipitia huenda asimwone mgonjwa hata siku moja. Anasoma namba ya ugonjwa, namba ya huduma na maelezo mafupi. Katika orodha ya namba za magonjwa inayotumika Marekani, uvimbe wa ngozi uitwao keratosisi ya seborea una namba mbili: L82.0 ukiwa umewasha na kuvimba, na L82.1 ukiwa umetulia. Tofauti ni tarakimu moja. Ya kwanza inaweza kulipiwa, ya pili kwa kawaida hapana.

Wazee wetu wamefunzwa kuvumilia. Ukiwauliza "unaendeleaje" watasema salama, hata kama jana usiku hawakulala. Basi kabla ya kwenda kwa daktari, kaeni wiki mbili mkiandika kwenye daftari mambo halisi: leo alishindwa kusoma maandishi ya dawa, juzi alijikwaa kwenye ngazi, mguu ulimuuma kuanzia saa tisa alasiri. Daftari hilo limpe daktari maneno ya kuandika. "Anashindwa kushuka ngazi bila kushikwa" ina uzito ambao "analalamika kuhusu kope" haitaupata kamwe.

Baba ana madoa na vinyama vingi vya ngozi. Vipi vinalipiwa?

Kwanza vichunguzwe, ndipo muulize habari ya malipo. Vinyama laini vya shingoni na kwapani, na keratosisi ya seborea ambayo huonekana kama nta iliyobandikwa juu ya ngozi, si saratani. Kuviondoa kwa sababu havipendezi hulipiwa na mgonjwa. Vikivuja damu, vikikwaruzwa na nguo mara kwa mara au vikiwasha, hali hubadilika, ilimradi daktari aandike hivyo. Keratosisi ya jua, yaani mabaka makavu yenye magamba yanayotokana na jua la miaka mingi, huweza kugeuka saratani, kwa hiyo kuyatibu ni matibabu. Saratani yenyewe haina mjadala, na kuziba pengo linaloachwa usoni baada ya kuikata ni sehemu ya matibabu hayo.

Kwa watu wenye ngozi nyeusi, saratani ya melanoma mara nyingi hujitokeza mahali ambapo jua halifiki: nyayo, viganja, chini ya kucha. Doa jipya huko, au mstari mweusi wa kucha unaozidi kupanuka, lisichukuliwe kuwa alama ya umri.

Na nasihi sana: msiruhusu doa lolote la mzee lichomwe kwa leza kwenye saluni ya urembo kabla daktari hajaliona. Likishachomwa hakuna tena kipande cha kupeleka maabara, na kama lilikuwa saratani, mmepoteza ushahidi na muda.

Sindano za Botox ni urembo siku zote?

Hapana. Dawa hiyo, ambayo hulegeza misuli, ilianza kama tiba. Nchini Marekani iliidhinishwa 1989 kwa makengeza na kwa kope zinazojifumba zenyewe kwa mkazo. Idhini ya mikunjo kati ya nyusi ilikuja 2002, na ya kipandauso sugu 2010. Hutumika pia kwa misuli iliyokakamaa baada ya kiharusi na kwa kibofu kisichojizuia dawa nyingine zikishindwa. Kwa magonjwa hayo bima nyingi hulipa kwa idhini ya awali, yaani inayoombwa kabla ya huduma. Kwa mikunjo ya uso hazilipi.

Mishipa ya miguu imetuna. Nitajuaje kama ni suala la kiafya?

Mishipa midogo myekundu au ya buluu kama utando wa buibui ni urembo. Mishipa mikubwa iliyotuna, pamoja na maumivu, uvimbe, ngozi kubadilika rangi karibu na kifundo, damu kutoka au kidonda kisichopona, ni ugonjwa wa mzunguko wa damu. Kampuni hutaka altrasaundi inayoonyesha damu ikirudi nyuma kwa zaidi ya nusu sekunde kwenye mshipa, na mara nyingi hutaka pia uthibitisho kwamba mgonjwa alivaa soksi za kubana kwa wiki 6 hadi miezi 3 bila nafuu. Kipindi hicho huanza kuhesabiwa daktari anapoandika. Miaka mitano ya kuzivaa kimya kimya bila kumbukumbu huenda isihesabiwe. Mzee mwenye kisukari au anayevuta sigara apimwe kwanza mishipa inayopeleka damu miguuni, kwa maana soksi za kubana zinaweza kumdhuru ikiwa imeziba.

Upasuaji wa mtoto wa jicho unalipiwa. Mbona tumedaiwa fedha za lenzi?

Kwa sababu bima kwa kawaida hulipia lenzi ya umbali mmoja, inayotosha kurudisha uwezo wa kuona, mgonjwa akibaki na miwani ya kusomea. Lenzi za umbali mwingi, au za kurekebisha astigmatizimu (jicho lisilo na mviringo ulio sawa, hivyo picha huwa na ukungu), huhesabiwa kuwa ziada, na tofauti ya bei huwa juu yenu. Ni haki yenu kuelezwa hivyo kabla ya siku ya upasuaji na kupewa kiasi kwa maandishi. Lenzi ya kawaida si lenzi mbaya. Asije mtu akawatia hofu.

Bibi alikatwa titi kwa sababu ya saratani akiwa na miaka 71. Ameambiwa kujengewa titi ni urembo, tena kwa umri wake. Tufanye nini?

Kataeni jibu hilo. Kujenga titi lililoondolewa kwa saratani ni upasuaji wa kurekebisha. Marekani ina sheria ya 1998 inayozitaka bima zinazolipia ukataji wa titi zilipie pia ujenzi wake, kulisawazisha titi la pili ili yalingane, titi bandia la kuvaa, na matibabu ya mkono unaovimba baada ya tezi za kwapani kuondolewa. Nchi yenu inaweza kuwa na sheria tofauti au isiwe nayo, lakini hoja ya kitabibu ni ile ile popote.

Kuhusu umri: daktari anaweza kusema moyo au mapafu yake hayatahimili saa nyingi za nusukaputi. Hiyo ni sababu halali, na anayeijua ni daktari aliyempima. Kusema kwamba mwanamke wa miaka 71 hahitaji tena titi si sababu ya kitabibu. Mwili ni wake. Kama yeye mwenyewe hataki upasuaji, aulizie titi bandia na sidiria yake maalumu. Vitu hivyo mara nyingi vimo kwenye mkataba na watu hawaviombi.

Meno je?

Meno yana historia yake ya pekee: mifumo mingi ya bima iliyatenga na mwili tangu mwanzo. Sheria iliyoanzisha Medicare, bima ya wazee ya Marekani, 1965, iliacha nje huduma za kawaida za meno, hata zile ambazo hazina urembo wowote. Kwa hiyo ukikataliwa, soma sababu vizuri. "Haimo kwenye mkataba" na "ni urembo" ni majibu mawili tofauti na hujibiwa tofauti.

Kung'arisha meno ni urembo. Pandikizi la jino liko katikati, na mara nyingi hukataliwa kwa hoja kwamba meno bandia ya kuvua yanatosha. Njia inayofanikiwa zaidi ni pale meno yanapohusiana na tiba nyingine kubwa. Kuanzia 2023 Medicare ilifafanua kwamba inalipia matibabu ya meno yanayotangulia upandikizaji wa kiungo au ubadilishaji wa vali ya moyo, na 2024 ikaongeza yale ya wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo. Kama mzee wako anasubiri mojawapo ya matibabu hayo, mwombe daktari wa moyo au wa saratani, na si wa meno peke yake, aandike barua.

Amepungua uzito sana na ngozi ya tumbo inaning'inia.

Kukata ngozi inayoning'inia ni huduma moja. Kukaza misuli ya tumbo na kulinyoosha ni nyingine. Ya kwanza hukubaliwa ngozi ikishuka chini ya kinena, ikiwa na vipele au vidonda visivyopona kwa miezi kadhaa ya tiba, na uzito ukiwa umetulia. Ya pili ni urembo.

Daktari anasema atafanya matibabu na urembo kwa pamoja, ili tulale hospitali mara moja tu. Ni halali?

Ni halali bili zikitenganishwa. Ombeni makadirio mawili kwa maandishi kabla ya siku yenyewe: ya upasuaji unaolipiwa na ya ule wa ziada, pamoja na muda wa chumba cha upasuaji na nusukaputi uliogawanywa kati yake.

Kisichofaa ni daktari kuwaandikia ugonjwa usiokuwepo ili bima ilipe. Najua wengine husema anawasaidia. Huo ni udanganyifu, na kampuni ikigundua inaweza kufuta mkataba mzima. Kijana akifutiwa hutafuta bima nyingine. Mzee wa miaka 76 mwenye shinikizo la damu na kisukari anaweza asipate tena ya kumchukua. Faili likiwa na ugonjwa wa uongo, daktari wa baadaye naye atatibu kwa kuuamini.

Alijilipia upasuaji wa urembo, sasa jeraha limepata usaha. Bima italipa?

Hutofautiana sana. Baadhi hulipia madhara kama maambukizi au damu kuvuja, kwa kuwa sasa ni ugonjwa, ingawa upasuaji wenyewe hazikuulipia. Medicare huenda hivyo. Nyingine huweka kifungu kinachotenga kila kitu kinachotokana na urembo. Kifungu hicho kitafuteni kabla ya kujilipia, sio baadaye. Wakati huo huo mpelekeni mgonjwa hospitali, na msifiche alichofanyiwa. Daktari asipojua hawezi kutibu ipasavyo.

Ombi limekataliwa. Tuanzie wapi?

Anzeni na karatasi. Simu iliyosema "haiwezekani" si jibu. Dai barua yenye sababu na kifungu cha mkataba kilichotumika, kisha omba kigezo chao cha kitabibu cha huduma hiyo. Kampuni nyingi huwa nacho kwa maandishi, na watu wachache sana hukiomba. Ukikipata, kaa na daktari mkipitie mstari kwa mstari: wanataka kipimo gani, picha gani, tiba gani iliyojaribiwa kwanza. Mara nyingi kinachokosekana ni kitu kimoja.

Barua ya daktari iseme ugonjwa kwa jina, ulianza lini, tiba zilizojaribiwa na tarehe zake, matokeo ya vipimo, kazi za kila siku ambazo mgonjwa anashindwa, na kitakachotokea asipotibiwa. Ukurasa mmoja unatosha. Maneno kama "atajisikia vizuri zaidi" na "ataonekana vizuri" yasiwemo, hata kama ni kweli, kwani ndiyo yatakayonukuliwa. Mwombe pia daktari azungumze moja kwa moja na daktari wa kampuni. Mazungumzo ya dakika kumi kati ya wataalamu wawili wakati mwingine humaliza jambo.

Rufaa ina muda wa mwisho, na mikataba haina huruma kwa hilo. Iandike tarehe hiyo mahali mnapoiona kila siku. Tunza nakala ya kila kitu, na kila simu andika siku, saa na jina la aliyepokea. Rufaa ya ndani ikishindikana, uliza kama kuna msimamizi wa bima au mtathmini huru. Marekani, sheria ya 2010 ya mageuzi ya afya inawapa wanachama wengi haki ya kukaguliwa na mtu wa nje ya kampuni. Kama kuchelewa kunahatarisha uhai, kuona au kiungo, sema hivyo wazi na uombe rufaa ya dharura.

Naweza kumfanyia mzazi wangu yote haya?

Unaweza, kwa idhini yake iliyosainiwa. Bila hiyo kampuni haitazungumza nawe, na inafanya sawa, kwani siri za ugonjwa ni zake. Pelekeni idhini hiyo mapema, kabla hajaugua vibaya. Na mnapokuwa kwa daktari, mwache ajibu mwenyewe kwanza. Kama anaona aibu kusema mbele yako kwamba mkojo humtoka au kwamba hawezi tena kujifunga viatu, toka nje umpe nafasi, umwachie lile daftari mkononi.